Korosho Kwenye Kiwanja cha Ndege

Ninyi wawili mliopokea funguo za kibanda mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya kutunza kiwanja. Nadhani mlitaka niwaeleze namna ya kuwasha redio siku ya mawingu, na mahali nilipoweka kopo la bolti za mlingoti. Kopo liko juu ya kenchi, upande wa dirisha. Mengine nitawaeleza, lakini nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kupamba maneno, kwa hiyo mtapata na yale ambayo hamkuyaomba.

Nilianza pale nikiwa na miaka ishirini na tisa, na Yusta wangu akiwa mgongoni. Niliajiriwa kufagia. Kibanda kina chumba kimoja, dirisha moja na meza moja, kwa hiyo kufikia saa mbili na robo asubuhi nilikuwa sina kazi tena mpaka kesho yake. Mhudumu wa kiwanja wakati huo alikuwa Mzee Chilumba, mtu mfupi, mkali, aliyevaa koti la mvua hata Oktoba. Siku ya pili alinikuta nimekaa kizingitini nikichambua mchicha. Akaniuliza kama serikali imefungua genge la mboga.

"Vua viatu," akaniambia. "Twende."

Tukatembea kiwanja kizima, kutoka upande wa njia ya Newala mpaka mwisho kunakoanza mikorosho, kisha tukarudi kwa upande wa pili. Yeye naye alikuwa peku. Alisema kwa viatu hutasikia pale udongo ulipolegea, na tairi la ndege likizama hata kiasi cha kiganja, basi. Kila tulipokuta shimo la fuko alilijaza kokoto na kulishindilia kwa kisigino. Nilidhani ananitesa. Baadaye nilikuja kutembea hivyo kila asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini, na nyayo zangu ziko hivi zilivyo kwa sababu hiyo, msiniulize tena.

Alinifundisha vifaa kimoja kimoja. Soksi ya upepo ile ya kwanza, inayopepea mlingotini kumwonyesha rubani upepo unakoelekea, ilikuwa imechanika, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado iko njiani tangu kabla sijaolewa, kwa hiyo alishona mwenyewe kwa majoho ya kwaya yaliyochakaa, aliyopewa na kanisa la kwao karibu na Chidya. Marubani walisema ndiyo soksi pekee ya Anglikana nchini. Mafuta ya ndege yalikuja kwenye mapipa, tukayavuta kwa pampu ya mkono na kuyachuja kwa ngozi laini ili maji yabaki juu. Ukimaliza, unapanda ngazi na kuchovya kijiti kwenye tangi, unasoma alama, unashuka, unapanda bawa la pili na kufanya vilevile. Mzee hakuamini saa za kuonyesha mafuta zilizo ndani ya ndege. Alisema zile zimewekwa kumfurahisha abiria.

Lakini kilichomfanya apandishe sauti kilikuwa redio. Ndege ikishatoka ilikotoka, mhudumu anakaa kwenye kiti. Anamweleza rubani mambo matatu: upepo, mawingu, hali ya kiwanja. Baada ya hapo haondoki mpaka magurudumu yaguse chini. "Hata haja ndogo unakwenda kabla," alisema. "Rubani akiita, hajui kama umekwenda chooni au umekufa. Yeye anajua tu hakuna mtu." Nilicheka. Nilikuwa bado kijana.

Mzee alipostaafu nikapewa kiti chake. Sitasema habari za vyeo wala mshahara, mnazijua hizo, na hazichukui muda mrefu kuzisimulia.

Sasa nije kwenye korosho.

Hapa kwetu hakuna ardhi tambarare, safi na inayopigwa jua kutwa kama kiwanja cha ndege. Kila mtu wa Chiungutwa na vijiji vya jirani aliona hivyo tangu kiwanja kilipochongwa, na kila msimu wa korosho kulikuwa na mtu aliyejaribu bahati yake. Mzee Chilumba alikuwa akizikunja turubai za watu na korosho zake ndani, anaziburuta mpaka barabarani. Watu walimwogopa na kumsema vibaya mpaka kwenye misiba.

Mimi sikuwa Mzee Chilumba. Mwaka wangu wa tatu kwenye kiti, mvua ziliwahi. Mama Hadija, jirani yangu, alikuwa amefiwa na mumewe mwezi wa saba, na korosho zake zilikuwa uani zimeanza kutoa harufu ya uvundo. Ukizipeleka mbichi ghalani zinakataliwa, na mwaka mzima ndio umekwenda hivyo.

"Mama Yusta," aliniambia, akiwa amesimama nje ya kibanda bila kuingia, "nipe siku mbili tu. Turubai moja. Ndege ikija nakunja mwenyewe."

"Ndege inakuja Alhamisi."

"Basi Alhamisi sipo."

Nikamkubalia. Turubai moja mwaka ule, nne mwaka uliofuata, na baada ya hapo sikuhesabu. Ilikuwa na utaratibu wake, msidhani ni vurugu. Upande wa mwanzo ni wa wajane, katikati wenye watoto shuleni, mwisho kabisa wale waliobaki. Nilikataza kuweka mawe ya kukandamizia turubai. Nilikataza watoto kulala juu yake. Niliona nimeweka mambo sawa.

Ndege iliyokuja mara kwa mara ilikuwa ndogo, ya injini moja, mali ya shirika moja la huduma za afya vijijini. Ilileta waganga wa macho, chanjo, na mara mojamoja mgonjwa. Rubani wake alikuwa Kapteni Temba, mtu wa Moshi aliyeoa mwalimu wa huku Masasi na kujifunza kula ming'oko, mizizi yetu ya porini, kama aliyezaliwa nayo. Aliniheshimu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita hivi, na kila aliposhuka aliniamkia kwanza kabla ya kugeuka kuangalia mizigo.

Kapteni alijua habari za korosho. Hatukuwahi kukaa tukazizungumza, lakini alijua. Alikuja, akazunguka mara moja juu, watu wakasikia mlio na kuanza kukunja. Akazunguka mara ya pili, turubai za mwisho zikaburutwa kando. Mara ya tatu akashuka kwenye kiwanja kilichofagiwa. Watoto waliita mizunguko ile salamu za Kapteni. Nami asubuhi kwenye redio nilimwambia "kiwanja kiko wazi", huku nikiona kwa dirisha kwamba hakiko wazi, kwa sababu kitakuwa wazi atakapofika. Tuliishi hivyo misimu mitano. Hakuna kitu kinachomlevya mtu wa kazi kuliko kosa linalokwenda vizuri misimu mitano.

Siku yenyewe ilikuwa ya Novemba, saa tano asubuhi. Usiku uliotangulia ilinyesha, kwa hiyo watu walikuwa wametoa kila kitu walichonacho kukianika, na kiwanja kilikuwa kimefunikwa kuliko nilivyowahi kukiona. Kapteni alikuwa anatoka Songea na muuguzi mmoja, wamepigwa na upepo wa mbele njia nzima. Alikusudia kujaza mafuta kwetu, maana mapipa yetu yalikuwa yamejaa. Hesabu yake ilimfikisha kwetu. Haikumtosha kuzunguka. Hilo lilikuwa kosa lake, na hata yeye hakulikataa siku yoyote.

Niliposikia mlio niliangalia nje nikaona hawatamaliza. Wanawake walikuwa wachache na turubai nyingi. Nikatoka kwenye kiti. Nilikimbia uwanjani, nikashika ncha ya turubai la Mama Hadija, tukaanza kuvuta. Kutoka pale mpaka mlango wa kibanda ni hatua sitini, nimezipima mara nyingi baada ya hapo.

Kapteni alipita juu mara ya kwanza, chini kuliko siku zote. Ndipo nikasikia redio. Mlango ulikuwa wazi na sauti nilikuwa nimeiacha juu. Sikuyashika maneno, umbali ule na mlio wa injini. Nilisikia jina langu. "Mama Yusta." Niliinua kichwa.

"Unaitwa," alisema Mama Hadija.

"Nimesikia. Vuta."

Nilidhani Kapteni ananitania kuhusu wingi wa korosho. Alikuwa na tabia hiyo. Redio ikaita tena, jina langu tena, na safari hii sauti ilikuwa fupi. Nilijua kwamba ni fupi. Nilijua wakati uleule, sikuja kujua baadaye. Lakini yalikuwa yamebaki maturubai mawili, nami nikajiambia nikimaliza haya nitakwenda.

Tukamaliza. Kiwanja kilikuwa cheupe, safi, hakuna hata punje moja, na nilikuwa nimeshika kiuno nikipumua wakati injini ilipokohoa kule upande wa mikorosho na kunyamaza. Ndege iliyonyamaza angani huitarajii. Masikio yanaisubiri iendelee. Tuliiona inaelea kuja kwetu, pua chini, propela imesimama wima, na sote tuliona kwamba haitafika. Ilikata vichwa vya mikorosho, ikapiga chini na bawa moja, ikageuka ikatazama ilikotoka.

Haikuwaka moto. Hapakuwa na cha kuwaka. Muuguzi alitoka mwenyewe, mfupa wa bega umevunjika, akilia na kutuita tumsaidie mwenzake. Kapteni alikuwa amebanwa miguu yote miwili. Tulimtoa kwa majembe na jeki ya gari la mfanyabiashara wa korosho. Nilishika kichwa chake. Alifumbua macho akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa wapi?" Nikamwambia anyamaze, asijichoshe.

Gari lilipompeleka hospitali ya Mkomaindo, nilirudi kibandani, nikafungua daftari la redio. Mwandiko wangu umenyooka, mnaweza kuuangalia kama daftari lile bado lipo. Niliandika saa, nikaandika upepo, nikaandika: hakuna wito uliopokelewa. Kalamu ya bluu. Nilikuwa na watoto watatu wakati huo, na baba yao alikuwa ameshatuacha. Nawaambia hili ili mjue nilichokuwa nafikiria. Silisemi kama utetezi.

Wachunguzi walikuja kesho yake mchana, wawili, kutoka Dar es Salaam. Kufikia hapo hapakuwa na dalili ya korosho kiwanjani. Sikumwomba mtu yeyote, lakini watu walifagia kabla ya jua kuchomoza, hata maganda. Wachunguzi walipowauliza kwa nini ndege ilizunguka, kila mmoja kwa wakati wake alisema Kapteni ana kawaida ya kuzunguka kuwasalimia watu. Kijiji kizima kilisimama nyuma yangu. Kwa wema. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo.

Mkubwa wao alikuwa mtu mpole. Alikataa kiti nilichompa, akaniachia mimi nikae.

"Mama, rubani anasema alikuita kwenye redio mara mbili kwamba mafuta yanakwisha na anataka ashuke moja kwa moja. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Kwenye kiti hiki?"

"Kwenye kiti hiki."

"Na hukusikia kitu."

"Redio ilikuwa kimya, baba."

Alisoma daftari. Akalisoma tena. Akaniambia asante mama, pole sana kwa mshtuko.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Kuishiwa mafuta pekee, shirika lake lingeweza kumsimamisha kwa muda na kumrudisha, maana alikuwa rubani mzuri na upepo wa siku ile ulijulikana. Lakini ripoti iliandika kwamba maelezo yake kuhusu redio na korosho hayakuthibitishwa na shahidi yeyote, maana hata muuguzi alisema alikuwa amefumba macho kwa hofu na hakusikia kitu kwa mlio wa injini. Wakubwa wake wakayasoma maneno hayo wakaelewa kwamba mtu wao, badala ya kukiri kosa, alitunga hadithi na kumsingizia mama mfagizi. Wakaachana naye. Mguu mmoja ulipona, mwingine ukabaki mfupi. Hakurusha ndege tena.

Alibaki Masasi kwa sababu mkewe anafundisha hapa. Alifungua banda dogo kule mtaa wa Mkomaindo, akawa anatengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Ni fundi hodari. Watu wanatoka mpaka Newala kumfuata. Mimi nilikuwa nikipita njia ya juu ili nisipite mbele ya banda lake, na tulipokutana sokoni aliniamkia kama zamani na kuuliza habari za Yusta. Nilijibu haraka haraka nikaondoka na vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Siku ileile ya ajali nilipiga marufuku korosho kiwanjani, na nimekuwa mkali kuliko Mzee Chilumba. Mmesikia watu wakinisema. Mzee mwenyewe alikuja kunitazama wiki ile, akiwa ameshazeeka sana, akaketi kwenye kizingiti. Alinitazama miguu yangu iliyojaa vumbi, akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Alifariki mwaka uliofuata, na nina hakika alijua.

Miaka kumi na minne nilifanya kazi vizuri. Nasema kweli. Sikuondoka kwenye kiti hata siku moja, niliwaonya marubani juu ya mvua kabla haijafika, niliokoa ndege mbili zisitue kwenye maji yaliyotuama. Nilidhani siku moja hesabu itakuwa sawa. Haikuwa. Kila ndege iliposhuka salama nilisikia jina langu kutoka hatua sitini.

Mwezi uliopita, baada ya ninyi kupokea funguo, nilikwenda kwenye banda lake. Nilimkuta peke yake, anasafisha kabureta kwa mswaki wa meno. Aliniwekea kigoda. Sikutaka kuzunguka.

"Kapteni, siku ile nilikusikia."

Hakuuliza siku gani.

"Ulisikia nini?"

"Ulikuwa unaniita."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Nilikuwa uwanjani navuta maturubai. Nilisikia zote mbili nikaendelea kuvuta. Halafu nikaandika uongo."

Aliuweka mswaki chini. Nilitegemea atanifokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata kwa kupigwa.

"Mama Yusta," alisema, "mimi nilishaacha kuamini kwamba niliita."

Sikuelewa.

"Mwaka wa kwanza nilibishana na kila mtu. Baadaye mke wangu akaniuliza, taratibu tu, Baba Prosper, una hakika ulibonyeza kitufe cha redio? Nikaanza kufikiri. Mtu mwenye hofu anaweza kuongea bila kubonyeza. Daftari linasema sikuita, wewe unasema sikuita, watu wote wanasema. Korosho nilijua watu wamezificha ili wakulinde, lakini wewe sikuwahi kukufikiria kuwa mwongo wa redio, nilikuheshimu mno. Nikaona basi ni mimi. Nilimwambia mke wangu, kweli mwenzangu, niliwadanganya wale watu bila kujua. Nimekaa na hilo miaka yote. Kwamba nilimsingizia mama wa watu."

Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, watu wazima wawili katikati ya mashine za salfa. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nimeshapeleka barua kule kwenye ofisi za usafiri wa anga, nimeandika kila kitu na kutia sahihi, nao wamesema wataiangalia. Akaniuliza kama ni kweli nilivyosikika nikisema sokoni, kwamba kuna vijana wamenitaka niwaandikie habari za kazi.

"Ni kweli."

"Basi waandikie. La mafuta waandikie pia, nilitoka Songea na machache, hilo ni langu, usilipunguze. Lakini usije ukaandika kwamba nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Wewe waandikie kwamba niliita."

Kwa hiyo nawaandikia. Kapteni Temba alibonyeza, na aliita mara mbili. Nilikuwa hatua sitini kutoka kwenye redio, turubai mkononi, na nilimsikia.